Kinyozi Hajambo

Neno lililomponza kinyozi lilikuwa moja tu: sijambo.

Mkaguzi wa posho ya ulemavu alikuja nyumbani kwao asubuhi, bwana wa makamo mwenye kompyuta kwapani na adabu zake zote. Alibisha hodi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akauliza, "Hujambo, mzee?" Kinyozi, kama mtu yeyote aliyelelewa akaleleka, akajibu, "Sijambo, bwana, karibu ndani." Akaulizwa habari za toka asubuhi, akasema nzuri. Za nyumbani? Salama. Sasa angejibu nini? Hata mfiwa ukimwamkia atakwambia nzuri kwanza, ndipo aanze kulia.

Mkaguzi alikaa dakika ishirini na tano, akanywa chai, akaaga. Wiki ya sita barua ikaja. Mke wa kinyozi ndiye aliyeifungua, kwa kuwa bahasha ilikuwa imegundishwa sawasawa na vidole vya mumewe vilikuwa haviwezi tena kazi ya bahasha. Aliisoma akiwa amesimama, na alipofika ukurasa wa tatu akaketi.

"'Mwombaji alieleza kwamba hajambo,'" alisoma kwa sauti, "'na kwamba hali yake kwa jumla ni nzuri. Ni nadhifu, na ndevu amenyoa vizuri. Anaoga na kuvaa bila matatizo.' Alama mbili. Zinatakiwa nane."

"Mbili si haba," alisema kinyozi.

"Mzee, huu si mpira!"

"Sasa wewe ulitaka nimwambie nini mgeni mlangoni? Asante kuja, mimi nina jambo?"

Mkewe alikuwa akimtazama yale mashavu laini yaliyosifiwa na serikali, maana aliyeyanyoa ni yeye.

Mikono ya kinyozi ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka juzi. Kwanza alidhani ni njaa, kisha akadhani ni baridi, kisha siku moja akamkata mteja sikio. Mteja alisema si kitu, akalipa, na hakurudi. Wengine nao wakasikia. Alipofunga duka, miguu ikaona isibaki nyuma, nayo ikaanza kumwangusha. Daktari wa hospitali alisema ni neva, akaandika jina refu la ugonjwa, na jina hilo ndilo jambo pekee walilopewa hospitalini ambalo halikuisha.

Zilikuwapo siku nzuri na siku mbaya. Siku nzuri aliweza kushika kikombe kwa mikono miwili. Mkaguzi, kwa bahati yake kinyozi, aliangukia siku nzuri.

Mkewe alikuwa mfuaji na mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Msimamizi wake alimpa ruhusa ya kukaa na mgonjwa hadi mwisho wa mwezi uliokuwa ukifuata, akamwambia waziwazi kwamba baada ya hapo pasi yake itashikwa na mwingine. Kwa hiyo hesabu haikuwa ngumu. Posho ikitoka, atakaa nyumbani amwangalie mumewe. Isipotoka, atarudi kazini alfajiri na kumfungia ndani peke yake mpaka jioni.

Na hilo la kumfungia walikuwa wamewahi kulijaribu, mara moja. Alilolikuta bafuni jioni ile alikuwa ameapa kutomwambia mtu yeyote, hata binti yao.

*

Ofisi ya msaada wa sheria ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi ishirini na mbili. Kinyozi alizipanda kwa robo saa, mkewe akimsukuma kiunoni, na walipofika juu kinyozi alisimama kwanza nje ya mlango mpaka pumzi irudi, asije akaonekana anahema. Msichana wa sheria alikuwa sawa na binti yao kwa umri.

"Shikamooni wazee wangu. Hamjambo?"

"Marahaba, mwanangu. Hatujambo," alisema kinyozi haraka.

Msichana alicheka kidogo, kicheko cha huruma. "Hapo ndipo tutakapoanzia, baba. Kwenye jopo la rufaa, hawaulizi unaumwa nini. Jina la ugonjwa halina alama. Wanauliza unaweza nini, na huwezi nini, siku nyingi za juma. Wakikuuliza unaweza kutembea, usiseme naweza. Sema ukifika wapi ndipo miguu inakataa."

"Hiyo si kulalamika?"

"Ni kusema kweli, baba. Watu wengi hawashindwi kwa kudanganya pale. Wanashindwa kwa heshima."

Kisha akashusha sauti, akamgeukia mama. "Na ndevu, mama. Msimnyoe tena hadi siku ya kusikilizwa. Watamwangalia tangu anapoingia mlangoni: anavyotembea, anavyoketi, alivyovaa. Aende kama alivyo."

Kinyozi alikuwa akimtazama yule msichana kama mtu aliyeambiwa aende sokoni bila suruali.

"Binti yangu," alisema mwishowe, "nimewanyoa watu miaka thelathini na moja. Mabwana harusi, wagombea, wagonjwa mahututi. Hakuna aliyetoka mikononi mwangu kwenda mbele ya wakubwa na ndevu. Leo niende mimi?"

"Atakwenda hivyo hivyo," alisema mkewe. "Nitamshika mwenyewe."

Nyumbani walifanya mazoezi. Mama alivaa miwani ya kusomea, akaishusha puani, akakaa nyuma ya meza ya chakula kama hakimu wa kweli. "Hujambo, mzee?"

"Sijam—"

"Ala!"

"Mdomo umezoea!"

"Tena. Hujambo, mzee?"

Kinyozi alikohoa, akajikaza, akasema kama anayekiri wizi, "Nina jambo, mheshimiwa." Papo hapo akaangua kicheko, na mkewe naye, wakacheka mpaka machozi, mpaka kinyozi akapaliwa na kikombe kikamdondoka. Ilikuwa miezi mingi tangu nyumba ile icheke namna hiyo. Mama alipokuwa akiokota vigae alijisemea moyoni kwamba labda litawezekana.

*

Siku ya kusikilizwa, ndevu zilikuwa na umri wa siku kumi na moja. Zilikuwa nyeupe, zimeota hovyo, na zilimzeesha kinyozi miaka kumi. Alikuwa ameketi mbele ya kioo chake cha dukani, kile kikubwa, ambacho siku hizi kilikuwa kimeegemezwa ukuta wa chumbani.

"Lete wembe."

"Mzee, tulishakubaliana."

"Mlikubaliana nyinyi wawili. Lete wembe."

Mkewe alikwenda jikoni kwa makusudi, akajishughulisha na sufuria. Aliporudi, kinyozi alikuwa ameufikia wembe mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa ukiruka, wa kushoto umeushika wa kulia ili utulie, na yote miwili ikawa inatetemeka pamoja. Chini ya sikio damu ilikuwa imeanza kuteremka hadi kwenye kola. Hakulia. Alikuwa akijitazama tu kiooni, kama anayemtazama mwanagenzi mjinga.

Mama akamnyang'anya wembe, akachemsha maji, akapaka povu.

"Vuta ngozi kwanza," alisema kinyozi. "Usiende kinyume, vitaota vipele. Hapo kwenye koo, polepole. Wembe hausukumwi, unaachwa uende."

Kila alipopitisha wembe mama alijua anazikwangua zile alama. Alijua, na aliendelea, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kumpeleka mumewe mbele za watu akiwa katika hali aliyoichukia kuliko ugonjwa wenyewe. Akamfuta, akambandika plasta chini ya sikio, akambadilisha shati. Akafunga vifungo saba, kimoja kimoja, hadi cha shingoni.

Kinyozi alijigeuza kushoto, akajigeuza kulia. "Umenyoa vizuri," alisema.

Hakuwa amewahi kumsifu mkewe hivyo kwa kazi yoyote. Alimsifu kama fundi anavyomsifu fundi mwenziwe.

*

Chumba cha jopo kilikuwa na zulia la kijivu, meza ndefu, jagi la maji na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Boksi lilikuwa limebaki nusu, na ilikuwa saa nne tu asubuhi. Nyuma ya meza waliketi watatu: mwenyekiti, mwanamke mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi; daktari, aliyekuwa akipekua mafaili kwa kidole gumba; na mjumbe wa tatu, bwana mwenye gongo la kutembelea lililoegemea kiti chake, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuandika. Msichana wa sheria aliketi kando. Alipoyaona mashavu ya kinyozi, alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Karibuni sana," alisema mwenyekiti. "Hujambo, mzee?"

Mama akamkazia macho mumewe.

"Sijambo, mheshimiwa," alisema kinyozi. "Sijui nyinyi."

Yule wa tatu akaandika.

Maswali hayakuwa ya ukali. Afadhali yangekuwa ya ukali, kwani mtu akifokewa hujitetea. Akiulizwa kwa upole hutaka kuonekana si mzigo. Mmekujaje? Kwa basi. Kutoka kituoni? Kwa miguu. Ulipumzika njiani? "Si sana," alisema kinyozi, ambaye alikuwa amepumzika mara tano, ya mwisho kwenye ngazi za benki, mpaka mlinzi akamwambia hapo si pa ombaomba.

"Unapika, mzee?" aliuliza daktari.

"Chai naweka."

"Unavaa?"

"Navaa."

"Kuoga?"

"Naoga, daktari. Kila siku."

Daktari aliitikia kwa kichwa, akatia alama tatu ndogo kwenye karatasi. Mama aliziona. Yote aliyoyasema mumewe yalikuwa kweli, na hapo ndipo ulipokuwa uchungu wake. Kweli anavaa, hatembei uchi. Kweli anaoga, hanuki. Hakuna aliyeuliza kwa mkono wa nani. Mama alifungua mdomo, na msichana wa sheria akamgusa goti: subiri.

Mwenyekiti alikuwa hajatia alama yoyote. Alirudi nyuma katika faili, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka ule wa tatu, akausoma, akamtazama kinyozi chini ya sikio.

"Hapa imeandikwa wewe ni kinyozi."

"Nilikuwa, mheshimiwa. Miaka thelathini na moja."

"Wahenga walisema kinyozi hajinyoi."

Kinyozi akatabasamu, kwa kuwa mtu alikuwa ameitaja kazi yake. "Na akijinyoa hujikata, mheshimiwa."

"Naona plasta." Mwenyekiti aliweka kalamu chini. "Mzee, nitauliza tena, na unisikilize vizuri, maana Kiswahili chetu kina mlango mwembamba hapa. Unaoga, au unaogeshwa?"

Tabasamu likamtoka. Mikono yake, ambayo alikuwa ameikalia tangu alipoingia, ilianza kukitikisa kiti.

"Naoga," alisema.

"Unavaa, au unavishwa?"

"Navaa."

"Nani amekunyoa leo?"

Kinyozi alitazama jagi la maji. "Mimi mwenyewe."

"Mama," alisema mwenyekiti, "una lolote la kutueleza?"

Huu ndio wakati alioulilia wiki zote hizo, na sasa ulipofika akatamani upite. Alisimama, ingawa hakuambiwa asimame.

"Anaogeshwa," alisema.

"Mama," alisema kinyozi kwa sauti ndogo.

"Anavishwa. Hicho kifungo cha shingoni nimekifunga mimi, na vyote sita vya chini yake. Siku mbaya analishwa. Leo amenyolewa. Hiyo plasta ni pale alipojaribu mwenyewe."

"Mama, basi."

"Mheshimiwa, nilimfungia ndani siku moja nikaenda kazini."

"Mke wangu, basi! Hilo uliapa!"

Alikuwa ameapa kweli, akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya bafu, maji ya bomba yakiendelea kutoka. Alimtazama mumewe, akaona anavyomsihi kwa macho, akawaza mwezi utakavyokwisha na kufuli litakavyoning'inia nje ya mlango. Akawageukia wale watatu.

Akawaambia. Kwamba mumewe alianguka bafuni saa moja asubuhi na yeye akarudi saa kumi na mbili jioni. Kwamba alimkuta kwenye saruji, uchi, amejichafua, sauti imemkauka. Kwamba hakumkuta akiita msaada. Alimkuta amevuta taulo akajifunika uso, uso tu, na alipomuuliza kwa nini hukupiga kelele majirani wakaja, alisema: wangeniona.

Yule wa tatu aliacha kuandika. Daktari alisogeza boksi la karatasi mbele, na mama hakulichukua. Kinyozi alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kile kifungo cha shingoni.

"Mzee," alisema mwenyekiti, "aliyoyasema mama ni kweli?"

Kinyozi hakujibu. Aliulizwa tena, hakujibu. Nje ya mlango mtu alikohoa. Kulikuwa na familia nyingine tano benchini.

"Tumeandika kwamba hakukanusha," alisema mwenyekiti kwa upole, akafunga faili.

*

Walirudi nyumbani kwa basi. Kinyozi alianguka mara moja, karibu na kituo, akakubali kuinuliwa kama mzigo unavyokubali. Siku zilizofuata aliitikia anachoulizwa, akala anachopewa. Ila alipoletewa povu na wembe aligeuza uso.

"Acha ziote."

"Mzee, mambo yamekwisha. Sasa tunaweza kunyoa."

"Si ndivyo mlivyotaka? Acha ziote."

Barua ilikuja wiki ya tatu. Rufaa imekubaliwa. Alama kumi na moja, posho ya miezi kumi na minane, kisha atakaguliwa upya. Mama aliishika kifuani, akaketi kitandani, akashukuru huku akilia. Hakuna kufuli. Angalau kwa miezi kumi na minane, hakuna kufuli.

"Isome," alisema kinyozi.

"Nimeshakwambia, tumeshinda."

"Isome yote. Mimi ndiye mrufani."

Akaisoma. "'Mrufani anaogeshwa. Anavishwa. Siku mbaya analishwa. Hawezi kuachwa peke yake kwa usalama. Jopo limemwona kuwa mtu mwenye heshima, ambaye huficha hali yake kwa aibu. Pale maelezo yake yalipopishana na ya mkewe...'" Akasita.

"Endelea."

"'...jopo limeamini ya mkewe.'"

"Rudia hapo."

"Mzee, ya nini?"

"Rudia."

Akarudia. Kinyozi alisikiliza huku akiitazama mikono yake, iliyokuwa ikitetemeka juu ya magoti bila kufichwa tena.

"Maana yake mimi ni mwongo," alisema.

"Maana yake wamekuonea huruma."

"Ni hivyo hivyo," alisema kinyozi. "Mpaka lini? Hiyo miezi kumi na minane ikiisha, utakwenda kuwasimulia lipi tena?"

Mama alikunja barua, akaitia sandukuni chini ya nguo. Alikuwa na majibu mengi: kwamba alifanya kwa mapenzi, kwamba angefanya tena kesho. Yote yalikuwa kweli, na hakulisema hata moja, kwa kuwa aliogopa litaaminiwa.

Jumamosi ile alimtoa kibarazani apate jua. Alimvisha, akamfunga vifungo, akamkalisha kwenye kiti cha mikono. Ndevu zilikuwa zimefunika mashavu na koo, nyeupe, hazijachanwa. Akaketi karibu naye kuchambua maharage.

Mshona viatu wa mtaa wa pili alikuwa akipita na boksi lake. Yeye na kinyozi walikuwa wamefungua biashara mwaka uleule, wakatambiana miaka yote hiyo, huyu akidai dunia huanzia miguuni, yule kichwani. Kinyozi alikuwa na desturi ya kumwahi salamu kabla hajavuka mtaro.

"Kinyozi!" aliita mshona viatu. Alipoziona ndevu alisita kidogo, akajifanya hakuziona. "Bwana wee, siku nyingi! Hujambo?"

Kinyozi hakuitikia. Mshona viatu akasimama pale na boksi lake begani, tabasamu likianza kumchosha. Salamu isiyoitikiwa ni kitu kizito. Hakuna ajuaye pa kuitua.

"Nasema hujambo, rafiki yangu?"

Kinyozi alinyanyua kidevu, akamwelekezea mkewe.

"Muulize yeye," alisema. "Ndiye anayeaminika."

Mshona viatu akacheka, akidhani ni mzaha, akamgeukia mama na kusubiri. Maharage yalikuwa yamemjaa mama kiganjani. Aliyatazama yale, akayatazama macho ya mumewe, akatafuta neno jingine na hakulipata.

"Hajambo," alijibu.